Siku ya Posho: Kurudisha Kipimo Katika Nyumba Zetu

Neno la kusoma nyumbani: Kutoka 16, 2 Wafalme 4:1-7, Yohana 6:1-13



Sisi watu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, siku inayotangulia Siku ya Mungu tunaiita siku ya posho. Watoto wetu wanalitaja jina hilo kila juma, lakini wengi hawajui lilitoka wapi. Babu zetu walijua. Posho ilikuwa chakula ambacho mfanyakazi wa mgodi alipewa na kampuni kwa ajili ya nyumba yake: unga, maharagwe, chumvi, mafuta, samaki mkavu. Ilikuwa hivyo wakati wa Union Minière, ikaendelea baada ya mwaka 1967 katika kampuni ya serikali tunayoijua kwa jina la Gécamines. Mama wa nyumba alijua kilicho ndani ya mfuko na siku ambazo mfuko huo ulipaswa kufika.

Hatusemi turudi katika maisha yale. Mfanyakazi hakuchagua alichopewa, na siku kampuni ilipoyumba, nyumba nyingi ziliyumba pamoja nayo. Lakini kuna kitu kimoja kizuri tulichokipoteza. Tumepoteza kipimo. Leo wengi wetu tunakula kutoka mfukoni, si kutoka ghalani. Asubuhi tunatafuta feza, saa kumi tunanunua meka moja ya unga, kifuko cha makala, mafuta kidogo katika nailoni, chumvi ya leo na sabuni ya leo. Kesho tunaanza tena. Katika sheti hii tunataka kueleza kwa nini maisha hayo yanagharimu zaidi, na namna nyumba yenye feza kidogo inavyoweza kutoka humo hatua kwa hatua.

KAYE YA SIKU THELATHINI

Nianze na nyumba yangu mwenyewe. Mwaka mmoja binti yetu wa sekondari alirudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali. Alikaa kizingitini na mfuko wake wa vitabu, hakulia, hakusema neno. Nilimwambia bibi yangu, "Mama, feza hazitoshi." Yeye akanijibu kwa upole, "Baba, kabla ya kusema hazitoshi, tuandike zinakokwenda."

Tulichukua kaye ya shule, tukaandika kila franka iliyotoka kwa siku thelathini. Mimi niliandika zangu pia: usafiri, uniti za simu, soda niliyowanunulia rafiki zangu kazini. Hatukukuta anasa. Hatukukuta nguo za bei kubwa wala nyama ya kila siku. Tulikuta vitu vidogo vidogo, vilevile kila siku, vikinunuliwa kwa kipimo kidogo kuliko vyote sokoni. Tulipolinganisha na bei ya mfuko mzima, ile tofauti ilitosha kabisa minervali ya mtoto. Feza ya shule ilikuwa inapita mikononi mwetu, lakini tulikuwa tunaiacha sokoni kidogo kidogo.

Ndiyo maana hatusemi maskini anatapanya. Mara nyingi maskini ananunua kwa bei kubwa kuliko tajiri, kwa sababu hana feza ya kununua vingi kwa mara moja. Si dhambi yake. Lakini ni shimo, na shimo linapaswa kuonyeshwa ili mtu asitumbukie kila siku.

HESABU YA MAKALA

Tufanye hesabu pamoja. Bei hizi ni za mfano tu. Wewe weka zile za soko lako, iwe Kenya, Katuba au Ruashi.

Tuseme nyumba inanunua kifuko kimoja cha makala kila siku kwa franka 1,000. Kwa siku 30 ni franka 30,000. Tuseme tena kwamba mfuko mkubwa wa makala unauzwa franka 24,000, na unatosha nyumba ileile siku 30. Tofauti ni franka 6,000 kwa mwezi, yaani franka 72,000 kwa mwaka, na hatujapunguza hata sufuria moja ya bukari.

Utasema, "Mchungaji, hizo 24,000 nitazitoa wapi?" Swali lako ni la haki. Jibu lake tunalipata kwa yule mjane wa 2 Wafalme 4. Alikuwa na deni, na mdai alikuwa anakuja kuwachukua watoto wake. Ndani ya nyumba alikuwa na chombo kimoja tu cha mafuta. Nabii Elisha hakumwambia kwanza aende kukopa feza. Alimtuma kwa jirani zake akaazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Msaada wa Mungu ulipitia katika vyombo vya jirani.

Basi tafuta jirani wawili unaowaamini. Nyumba tatu zinanunua mfuko mmoja, kila moja inatoa franka 8,000, na mnagawa kwa ndoo ileile mbele ya macho ya wote. Sehemu yako itakutosha siku 10. Kwa kifuko cha kila siku ungetumia 10,000, kwa hiyo umebakiza 2,000. Hizo 2,000 usizile. Zitie katika kopo. Baada ya mara nane, yaani siku 80, kila nyumba ina franka 16,000, na nyumba tatu pamoja zina 48,000. Feza hiyo inafungua mlango wa pili: mfuko wa unga wa kilo 25, au bidoni ya mafuta. Baadaye sabuni, chumvi, na kadhalika.

Angalieni vizuri: anzeni na kitu kimoja. Nyumba inayojaribu kubadili vitu sita katika juma moja inachoka na kurudi ilikotoka. Chagueni kitu ambacho hakiozi, kinachotumika kila siku, na ambacho bei yake ya rejareja iko mbali na bei ya jumla. Mara nyingi ni makala au unga.

KUPIMA SIKU YA POSHO

Kununua mfuko ni nusu ya kazi. Wengine wananunua mfuko na unaisha kabla ya wakati, kwa sababu macho yakiona vingi, mkono unachota vingi. Hapo ndipo siku ya posho inarudi na kazi yake.

Kila siku ya posho mchana, baba na mama wakae pamoja. Wapime unga wa siku saba, sehemu saba, kwa bakuli moja lisilobadilika. Mafuta yatiwe katika chupa ya juma, na chupa kubwa ifungwe. Makala yagawanywe vilevile. Sheria ni moja: sehemu ya kesho haifunguliwi leo.

Ongezeni sehemu ya nane. Hiyo ni ya mgeni. Kwetu mgeni hapigi simu kwanza, na nyumba ya mwamini haimfungii mtu mlango kwa sababu ya hesabu. Juma likipita bila mgeni, sehemu yake inabaki ghalani.

Kipimo hiki kiwe cha wote. Baba asimpimie mama unga kwa kijiko huku yeye mwenyewe hasemi mshahara wake ni kiasi gani. Akina baba, tuseme ukweli: nyumba nyingi hazikosi feza, zinakosa mwanga. Mke akijua kinachoingia, atajua namna ya kupanga kinachotoka. Mke naye asifiche deni la kantini mpaka mwenye kantini aje kupiga kelele mbele ya watoto.

Tena deni la kantini ni kamba. Ukiwa na deni katika kantini ya karibu, unaona aibu kupita mbele yake ukienda soko kubwa ambako bei ni ndogo. Unaendelea kununua palepale, kwa bei yake, bila kuuliza. Kumbukeni utaratibu wa Elisha: mjane auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Deni lilitangulia.

MAJIRA YA KUNUNUA

Katika Katanga tuna mvua moja kubwa kwa mwaka. Mahindi yanavunwa zaidi kuanzia mwezi wa nne hadi wa sita, na hapo bei inashuka. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu, mavuno mapya bado yako shambani, ghala nyingi ni tupu, na bei inapanda. Malori yanayopita Kasumbalesa yakichelewa, meka inapanda zaidi. Mambo haya yanarudi kila mwaka. Mwenye likelemba aombe zamu yake iangukie mwezi wa tano au wa sita, anunue mahindi, ayatunze, kisha apeleke kidogo kidogo kwenye mashine ya kusaga.

Lakini mahindi mabichi yakitiwa katika mfuko yatashika ukungu. Ukungu huo una sumu inayoharibu ini, na kupika hakuiondoi yote. Kuna namna rahisi ya kujaribu. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia punje za mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa vizuri, kisha acha itulie kwa dakika chache. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi yana maji bado, yarudishe juani. Ikianguka chini yote, yanaweza kutunzwa.

Maharagwe adui yake ni mdudu. Yakaushe, yajaze katika bidoni safi na kavu mpaka shingoni, funga kifuniko kwa nguvu, usifungue kwa majuma kadhaa. Mdudu aliye ndani anakosa hewa na kufa. Bidoni ya lita 20 inachukua karibu kilo 15 za maharagwe, bila dawa yoyote.

Chakula kilichotunzwa vizuri ni akiba pia. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1993, wakati zaire 3,000,000 za zamani zilibadilishwa kuwa zaire mpya moja. Na mwaka 1998, wakati zaire mpya 100,000 zilikuwa franka moja. Aliyekuwa ameficha noti chini ya godoro aliumia. Aliyekuwa na mahindi makavu ghalani alikula.

KUPIKA KWA AKILI

Kwa nyumba nyingi, moto unakula feza karibu sawa na chakula. Umeme ukiwepo, tumieni resho kwa vitu vinavyochukua muda mrefu. Ukikosekana, fanyeni hivi:

Maharagwe yaloweke usiku kucha, kisha mwaga yale maji. Yataiva upesi zaidi. Sufuria iwe na kifuniko chake. Mbabula iwe na udongo ndani, unaoshika joto, na isikae mahali pa upepo.

Tengenezeni kikapu cha joto. Ni kikapu au katoni kubwa iliyojazwa nguo nzee au blanketi kuukuu. Maharagwe yakichemka vizuri na kuanza kulainika, toa sufuria motoni ikiwa imefunikwa, iweke ndani ya kikapu, ifunike kabisa. Itaendelea kuiva yenyewe kwa saa kadhaa, na makala yako yatapikia kitu kingine. Ila maharagwe mekundu yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10 kabla ya kuingia kikapuni, kwa maana yana sumu ambayo moto mdogo hauiondoi.

Na jambo hili tulishike sana: makala yaliyobaki na moto yasiingizwe katika chumba cha kulala ili kupasha joto usiku wa mwezi wa sita na wa saba. Moshi wake usioonekana umelaza watu ambao hawakuamka tena. Makala yaliyobaki yazimishwe kwa kuyafunika ndani ya chombo cha chuma. Kesho yatawaka tena.

Baada ya watu wengi kula mikate na samaki, Bwana Yesu aliwaambia wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, wasipoteze kitu. Yeye aliyeweza kufanya mikate kutoka katika mikate mitano alijali vipande. Bukari iliyobaki jioni inaweza kuwa chakula cha asubuhi, kama imefunikwa vizuri na kupashwa moto tena mpaka ndani. Usiamke kununua vitumbua huku chakula kinamwagwa.

MAHALI PASIPOFAA KUBANA

Kuna kubana kunakoleta hasara. Sombe ina sumu yake ya asili. Inatakiwa kutwangwa vizuri na kuchemshwa muda wa kutosha. Usikate muda wa sombe ili kuokoa makala. Vilevile muhogo mchungu uloweke siku zake zote kabla ya kukaushwa na kusagwa. Katika nchi yetu, hasa upande wa Kwango, kuna ugonjwa unaoitwa konzo: miguu ya watoto na akina mama inapooza ghafla, na haiponi. Unakuja pale watu wanapokula muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri kwa muda mrefu, bila chakula kingine cha kujenga mwili. Siku mbili za kuloweka zilizopunguzwa zinaweza kuchukua miguu ya mtoto.

Usibane kwenye sabuni ya mikono wala chandarua. Mtoto mmoja akilazwa kwa malaria, feza inayotoka inapita bei ya vyandarua vingi. Na mama mwenye mtoto mchanga ajue kwamba miezi sita ya kwanza maziwa yake yanatosha peke yake, bila kopo la duka wala uji. Lakini anayenyonyesha anapaswa kula. Sehemu yake siku ya posho iongezwe.

HARUSI, KILIO NA AIBU

Tufike kwenye kitu tusichopenda kukisema kanisani. Nyumba inapima unga mwezi mzima, kisha harusi moja inaharibu yote: kitambaa cha sare, mshonaji, zawadi, usafiri. Juma linalofuata ni kilio. Hatuwezi kukataa, sisi ni watu wa watu. Lakini harusi na vilio haviji kama mwizi. Vinakuja kila mwaka. Basi kuwe na kopo la michango, na kila siku ya posho litiwe kitu, hata kidogo. Kikiwepo tunatoa kwa furaha. Kikiisha, tunakwenda na mikono yetu: kuchota maji, kupika, kulala matangani. Hayo nayo ni mchango.

Na sisi viongozi tujichunguze. Tunapotangaza sare mpya kwa kila sikukuu, kuna dada anayerudi nyumbani na kuuza sufuria ili asionekane peke yake katika nguo ya zamani. Mungu hakumwagiza kuuza sufuria.

JE, KUWEKA AKIBA NI KUKOSA IMANI?

Ndugu mmoja aliniuliza hivi: kama tunaomba mkate wa kila siku, kwa nini tuweke wa kesho? Nilimwambia asome habari za mana. Siku za kazi, aliyeweka mpaka asubuhi alikuta mabuu. Lakini siku ya sita Mungu mwenyewe aliamuru wakusanye mara mbili, na hakikuoza. Siku ya sita walipima na kuweka kwa utii. Yule tajiri mpumbavu wa Luka 12 hakuhukumiwa kwa sababu ya ghala. Alihukumiwa kwa sababu aliongea na nafsi yake tu, hakumwona Mungu wala jirani. Ghala letu lina sehemu ya mgeni.

Kwa wale wanaotaka kwenda mbele, kuna vikundi vya akiba na mikopo ambavyo wengi wanaviita AVEC. Mfumo huo ulianza Niger mwaka 1991 kati ya wanawake wa vijijini, na sasa umefika nchi nyingi za Afrika. Watu kati ya 15 na 25 hivi wanakutana kila juma, wananunua hisa ndogo, wanakopeshana kwa riba waliyokubaliana wenyewe, na baada ya mwaka mmoja wanagawana. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu tofauti. Hata kati ya waliookoka, kufuli tatu ni nzuri. Zinalinda feza, na zinalinda pia jina la mtunza sanduku. Pangeni mgawanyo uangukie mwezi wa nane. Shule ya msingi ya serikali haina minervali tangu mwaka 2019, lakini kaye, viatu na nguo za shule vinabaki, na sekondari inalipwa. Mwezi wa tisa haumshtukizi mtu mwenye kalenda.

KAZI YA JUMA HILI

Moja: nunueni kaye moja, muandike kila kinachotoka kwa siku thelathini, baba na mama pamoja.

Mbili: chagueni kitu kimoja tu, mtafute jirani wawili.

Tatu: siku ya posho ijayo, pimeni sehemu saba, na ya nane ya mgeni.

Binti yetu alirudi shule baada ya majuma matatu. Hatukupata mshahara mpya mwaka ule. Kaye ile ya kwanza bado iko nyumbani, na siku hizi yeye ndiye anayepima unga siku ya posho, akihesabu kwa sauti ili wadogo zake wasikie: moja, mbili, tatu, mpaka saba. Kisha anachota ya nane na kuiweka pembeni.

Mungu azibariki nyumba zenu na vyombo vya jirani zenu. Amina.